Joho la Mfungwa

JUMATANO

Soma 2 Timotheo 4:6–21. Paulo yuko kifungoni, naye anajua kwamba kufa kwake kumekaribia. Anaomba vitu gani, na anataka watu gani waje kwake?

______________________________________________

Mtume aliyeandika Waraka kwa Warumi, akiwa amebakiwa na siku chache, anaomba joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Anaomba vitabu, hasa vile vya ngozi. Anamtaka Timotheo afike kabla ya baridi, kwa kuwa miezi ile meli za zamani zilikaa bandarini kwa hofu ya dhoruba, na kuchelewa kidogo kungekuwa kuchelewa kabisa. Anamtaka na Marko. Tumaini la taji analo tayari (fungu la 8), wala hana shaka juu ya ufufuo. Hata hivyo anahitaji joho, tena ni mpweke, na haoni haya kuyasema yote mawili.

Sisi wa Ufipa hatuhitaji kuelezwa baridi. Aliyewahi kulala Sumbawanga mwezi wa Juni bila blanketi la pili anamwelewa Paulo bila kufungua kitabu cha ufafanuzi. Sasa mfikirie mtu mwenye saratani, au mwenye kifua kikuu kilichokwisha kula mapafu, anayelala katika baridi hiyo gerezani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda na kundi la kanisa kuwatembelea wafungwa. Tulibeba sabuni na sukari, kwaya ikaimba uani, nami nikahubiri Mathayo 25 kwa dakika arobaini. Tulipokuwa tukiaga, mfungwa mmoja akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, na yule aliye ndani asiyeweza kuinuka, mmemwachia nini?” Hatukuwa tumeuliza hata kama yupo.

Soma 2 Timotheo 1:16–18. Onesiforo alifanya nini ambacho kundi letu halikufanya?

______________________________________________

Onesiforo aliuliza, akatafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuionea haya minyororo. Huduma kwa anayekufa huanzia hapo. Wauguzi huiita tiba shufaa: kutuliza maumivu pale ambapo kuponya hakuwezekani tena, kumwosha mgonjwa, kumgeuza, kumsikiliza. Nchini Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993 na kuwapa wagonjwa mofini ya kunywa, dawa ya bei nafuu, hata wakiwa nyumbani kwao. Mfungwa naye anastahili hayo. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema apate matibabu ya kiwango kile kile wanachopata raia wengine. Na katika gereza la Angola, Louisiana, Marekani, tangu mwaka 1998 wafungwa wamefundishwa kuwauguza wenzao walio kufani na kukesha nao. Wengi wa wafungwa wa gereza hilo wana vifungo vya maisha.

Luka 23:39–43 tumezoea kuisoma tukibishana mkato ukae wapi katika fungu la 43. Ubishi huo una mahali pake, lakini leo tazama jambo jingine: Yesu, akiwa mwenyewe katika maumivu ya kufa, alimjibu mhalifu aliyekuwa anakufa kando yake. Mhalifu yule alikuwa amekiri kwamba adhabu yake ni ya haki. Yesu hakuipinga hukumu ile, wala hakumwacha afe bila neno.

Kwa upande wetu kuna mlango mwingine. Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais uwezo wa kusamehe, na mara nyingi misamaha ya sikukuu za taifa imewataja wafungwa wenye magonjwa yaliyofikia hatua ya mwisho, wakithibitishwa na daktari. Tunasikia redioni, tunasema “Bwana asifiwe”, tunaendelea kupukuchua mahindi. Lakini mtu huyo anarudi wapi? Mke pengine amekwisha kuolewa na mwingine. Ndugu wanaona aibu. Yule aliyeibiwa ng'ombe bado anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo, na uchungu wake ni halali. Darasa lisimharakishe kusamehe ili tu sisi tuonekane wema. Kumpelekea mgonjwa uji wa ulezi hakumlazimishi jirani huyo kusema kwamba kosa halikutendeka.

Darasa la Kate lijadili hili kwa majina ya nyumba na ya watu, si kwa jumla. Mfungwa aliyeachiliwa akiwa mahututi akishushwa kwenye gari Ijumaa jioni, jua likikaribia kuzama, na nyumbani kwake hakuna aliyefungua mlango, nani kati yenu atakwenda kumpokea? Atalala kwa nani usiku huo, na nani atakesha naye?

______________________________________________