Wembe wa Kale: Je, Chuma Hubeba Hatia?

Wembe wa kukunja ni ubapa wa chuma unaojifungia ndani ya mpini wake. Ndio uliotumika kwa vinyozi na majumbani kabla ya nyembe za kubadilisha za Gillette kuingia sokoni mwaka 1903. Leo nyembe hizo huuzwa katika magulio ya vitu vya kale huko Ulaya, na wakusanyaji huzitambua kwa kusoma alama zake. Kazi hiyo huzaa swali ambalo Kigali ina sababu nzito ya kulijali: je, kitu hubeba matendo ya mikono iliyokishika?

Alama muhimu hugongwa kwenye shina, kati ya ubapa na mkia. Herufi VR na taji huelekeza kwenye enzi ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Neno England au Germany kwa kawaida huonyesha kwamba wembe ulitengenezwa baada ya 1891, sheria ya ushuru ya Marekani ilipoanza kudai jina la nchi juu ya bidhaa zinazoingizwa. Picha ya mapacha wawili ni ya Henckels wa Solingen, Ujerumani, lakini peke yake haitoi tarehe, kwani chapa hiyo iliandikishwa mwaka 1731 na inatumika hadi leo. Mpini hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo utambulisho wa wembe huhesabiwa kwa chuma chake.

Hata hivyo, mpini ndio unaoifikisha habari hii Afrika Mashariki. Nyembe bora za Sheffield, Uingereza, zilivikwa mipini ya pembe za ndovu, nayo Zanzibar ilikuwa bandari kuu ya pembe katika Afrika Mashariki ya karne ya 19. Misafara ilizitoa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikapita Ujiji na Tabora hadi pwani, mabegani mwa wapagazi ambao baadhi yao walikuwa watumwa. Pembe halisi hutambulika kwa mistari myembamba inayopishana pale ilipokatwa. Mfupa una vitone, na seluloidi, plastiki ya zamani, haina mistari hiyo wala vitone. Anayeiona mistari hiyo ameshika sehemu ya mnyama aliyeuawa, na huenda ameshika pia mzigo wa mtu aliyelazimishwa kuubeba. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, wakati nyembe nyingi za aina hii zilikuwa na umri wa karne nzima.

Padri Alexis Kagame, mwanafalsafa wa Rwanda, alichapisha mwaka 1956 kitabu kilichogawa yote yaliyopo katika makundi manne: umuntu (chenye akili), ikintu (kisicho na akili), ahantu (mahali na wakati kwa pamoja) na ukuntu (namna ya kuwa). Kwa mgawanyo huo wembe ni ikintu. Hauna utashi, na pasipo utashi hakuna kosa. Mafundisho ya Kiislamu kwamba matendo hupimwa kwa nia yanafika hapo hapo, kwa kuwa chuma hakina nia.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka ndani ya dini yenyewe. Kanisa Katoliki huheshimu vitu vilivyotumiwa na watakatifu, na sheria yake inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Rwanda ya kifalme nayo iliitukuza Kalinga, ngoma ya ufalme iliyopambwa kwa sehemu za miili ya maadui waliouawa. Ikiwa mkono mwema unaweza kukipa kitu heshima, kwa nini mkono mwovu usikipe unajisi?

Jibu ni kwamba heshima hiyo humwelekea mtu, si kitu. Salio huheshimiwa kwa ajili ya mtakatifu. Vivyo hivyo hatia hubaki kwa mtenda. Lakini Kagame hakuishia kwenye ikintu. Kila kitu kilikuwa mahali fulani, wakati fulani, na ahantu hiyo haifutiki kwa kusema chuma hakina dhambi. Katika kanisa la Nyamata, kusini mwa Kigali, nguo za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 zimelazwa juu ya mabenchi. Nguo haina kosa wala thawabu, ila ni shahidi, na kuiondoa kungekuwa kumnyamazisha shahidi.

Tofauti hiyo ya hatia na ushahidi inampa mkusanyaji wajibu halisi. Chukua mfano wa Kigali: Richard Kandt, daktari Mjerumani, alianzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Wembe wa Solingen ukionekana Rwanda unaweza kuwa ulikuja na ofisa, askari au mfanyabiashara Mswahili au Mhindi. Chapa haitasema kama ulimnyoa mtu aliyeamuru viboko au ulifanya kazi ya halali kwa kinyozi wa Biryogo, mtaa wa Kigali. Hilo hujulikana tu ikiwa aliyeupata aliuliza na kuandika. Kwa sababu hiyo kung'arisha wembe wa kale hadi uonekane mpya ni kosa kubwa kuliko kutu yenyewe: kutu inaondoa chuma kidogo kidogo, na msasa unaondoa chapa na mikwaruzo ya matumizi kwa siku moja.

Familia yenye wembe wa babu isianze na msasa. Kwanza iulize ulikotoka na aliyeutumia, na majibu yaandikwe pamoja na jina la mji lililogongwa kwenye shina na aina ya mpini. Mafuta kidogo yatosha kuzuia kutu. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na wembe, na wembe ukitolewa au ukiuzwa, uende nayo.