Kizuri Hakikosi Ila

Kiti chenyewe, cha kulishia mtoto, kilikuwa kizuri, hilo halina ubishi. Kilikuwa cheupe, kina mto mnene wa kijani, kina vinyago vya plastiki mbele, na mgongo wake ulilala na kuinuka kwa kubonyeza kitufe. Muuzaji wa vitu vya mtumba huko Kinondoni alikizungusha mbele ya wateja wake, akaipiga trei yake kwa kiganja wasikie ilivyo ngumu, akasema kimetoka Ulaya na wenyewe hawakukitumia hata mwaka. Bei yake shilingi 120,000.

Baba wa mtoto ni fundi umeme wa magari, mkazi wa Tabata. Kazini kwake haungi waya bila kuupima. Siku hiyo hakupima kitu. Mkewe ndiye aliyeinama na kuuliza, "Mbona hakina mikanda?"

"Ilikuwepo, dada, ilichakaa tukaikata. Lakini trei hii ukishaibana, mtoto hana pa kutokea."

Jibu likakubaliwa, pesa zikatoka, kiti kikapakiwa kwenye bajaji.

Mtoto alikuwa ametimiza miezi sita. Kliniki walikuwa wamefundishwa vizuri: maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, kisha vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Na mtoto mwenyewe alishaonyesha dalili. Shingo ilikuwa imekaza, akikalishwa na kuegemezwa haanguki, akiona kijiko anafungua mdomo, na ulimi wake haukuwa tena ukisukuma nje kila kinachoingia. Kwa upande wa chakula, basi, hawakukosea.

Bibi, aliyekuwa ametoka Tanga kuja kusaidia kulea, alikitazama kiti akatikisa kichwa. "Mwanangu, mtoto anapakatwa. Hicho cha nini?"

"Mama, siku hizi watoto wanakaa mezani na wenzao."

Bibi hakubishana na mwanawe. Alikwenda zake jikoni kuchemsha boga.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda kwa taabu. Kiti kilikuwa kipana kuliko mtoto. Akikalishwa katikati, baada ya vijiko viwili alishaanza kuporomoka: makalio yanateleza mbele, mgongo unapinda, kidevu kinazama kifuani, bega moja linaangukia ukingoni. Mama akakunja kanga mbili, akazichomeka moja kila upande. Mabega yakatulia kidogo. Lakini chini ya trei, ambako hakuna aliyeangalia, miguu ya mtoto ilikuwa ikining'inia hewani, maana kiti hakikuwa na kikanyagio. Miguu ilitafuta pa kukanyaga, ikakosa, ikaanza kurusha mateke. Kufika kijiko cha tano mtoto alikuwa analia. Nyumba nzima ikakubaliana kwamba mtoto hapendi boga.

Boga halikuwa na kosa. Mwenye shaka na akae juu ya meza ndefu, miguu isifike chini, mgongo usiegemee kitu, kisha ale sahani ya makande. Atajikuta anashughulika na kujishikilia kuliko kutafuna. Mtu mzima atavumilia kwa sababu mwili wake umeshakomaa. Mtoto wa miezi sita ndiyo kwanza anajifunza mambo mawili kwa pamoja, kukaa na kumeza, na mwili wake hutanguliza kutoanguka. Ndiyo maana wataalamu wa ulishaji wa watoto hutazama pembe tatu kabla ya kutazama bakuli: nyonga, magoti na vifundo vya miguu, kila moja ikikaribia nyuzi 90, na nyayo zimekanyaga kitu kigumu.

Kwa kuwa mtoto aliendelea kuporomoka, jirani alishauri mgongo wa kiti ulazwe kidogo, uji utateremka wenyewe. Uliteremka kweli, ila si kule ulikotakiwa. Mtoto alipaliwa, akakohoa hadi macho yakawa mekundu, uji ukamtoka puani. Bibi ndiye aliyemnyanyua, akamkalisha wima mapajani, akamwinamisha mbele kidogo na kusubiri. Kikohozi kikakoma chenyewe.

"Sisi tuliwalaza tukawanywesha kwa kiganja," alisema, "na wengine tuliwabana pua ili wameze. Kupona kwao ni rehema ya Mungu. Wewe usimlaze."

Bibi alikuwa na haki. Anayelishwa amelala hupata shida kukizuia chakula kisiende kwenye njia ya hewa, awe amelazwa mapajani au kwenye kiti cha kitufe. Na alivyofanya ndivyo inavyotakiwa kwa mtoto anayekohoa na kutoa sauti: hewa bado inapita, aachwe akohoe, asiingiziwe kidole mdomoni. Wa kuogopewa ni yule anayenyamaza, hawezi kukohoa wala kulia, na midomo inaanza kubadilika rangi. Huyo, akiwa hajafika mwaka, hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kifua na taya limeshikwa, akapigwa mapigo matano ya nguvu kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kilichokwama kisipotoka, hugeuzwa chali na kukandamizwa katikati ya kifua mara tano, na mzunguko ukaendelea huku mwingine akiita msaada. Jambo hili lafaa kufundishwa kliniki kwa vitendo kabla ya kijiko cha kwanza.

Jirani yuleyule, kwa nia njema, alileta tena woka ya mwanawe aliyekwishakua, kile kigari cha magurudumu ambacho watoto wengi mjini hulishiwa humo. Bibi aliirudisha hata kabla haijakanyaga ukumbi. Magurudumu humfikisha mtoto kwenye ngazi, kwenye jiko la mkaa au kwenye waya wa pasi kabla mkubwa hajageuka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake tangu mwaka 2004. Chombo kinachokimbia hakiwezi kuwa kiti cha kulia.

Mtoto alipofika miezi minane, walikisogeza kiti kwenye meza ya chakula ili ale pamoja na wakubwa. Wazo lenyewe ni zuri, kwani mtoto hujifunza kula kwa kuwatazama walao. Lakini ukingo wa meza ulikuwa sawasawa na nyayo zake. Miguu iliyokuwa ikitafuta pa kukanyaga kwa miezi miwili ikapapata. Mama alikuwa amegeukia kabati kuchukua kikombe. Mtoto akasukuma. Kiti kikasimama kwa miguu ya nyuma, kikateleza juu ya vigae, kikaanguka chali. Trei iliyosifiwa dukani ilibaki imebanwa palepale. Mtoto, ambaye hakufungwa kwa chochote, alichomoka kwa juu, kisogo kikatangulia.

Alilia papo hapo, na daktari baadaye alisema kilio kile kilikuwa habari njema. Walilala hospitali usiku mmoja akiangaliwa, na wazazi wakaambiwa dalili za kuogopa kwa mtoto aliyegonga kichwa: kutapika kila mara, usingizi usio wa kawaida au kutoamka vizuri, degedege, majimaji au damu puani na masikioni. Hakuna iliyotokea. Uvimbe ulishuka, mtoto akapona.

Muuguzi wa zamu hakumgombeza mtu. Aliuliza akiwa anaandika: kiti kina mikanda? Kina pa kukanyagia? Kilikuwa umbali gani na meza? Baba alijibu hapana, hapana, na la tatu akalinyamazia.

Maswali ya muuguzi yana msingi. Watafiti wa Marekani walipochambua majeraha ya viti hivi kwa miaka ya 2003 hadi 2010, walikuta kwamba kila mwaka watoto zaidi ya 9,400 wenye umri usiozidi miaka mitatu walifikishwa kwenye vyumba vya dharura. Asilimia 93 ya majeraha yalitokana na kuanguka. Pale ambapo ilijulikana mtoto alikuwa akifanya nini kabla ya kuanguka, theluthi mbili walikuwa wakipanda au kusimama kitini. Maana yake ni kwamba hawakuwa wamefungwa, au mkanda haukukazwa. Trei ni mahali pa kuweka bakuli, haikuumbwa kumzuia mtoto.

Marekani na Ulaya zina kanuni za viti hivi, na kiti kipya huko huuzwa na mikanda yake. Lakini kikishapita mikono mitatu, mikanda imekatwa, skrubu zimelegea, kijitabu cha maelekezo kimepotea, na kilichobaki ni sifa ya kutoka Ulaya tu.

Waliporudi nyumbani, baba alifanya kile ambacho angefanya kwa gari la mteja. Alilala chini ya kiti akiwa na tochi. Aliona skrubu moja imepotea na nyingine imeota kutu. Aliona miguu ya kiti imekaribiana, kiasi kwamba kiti kilikuwa chembamba chini na kizito juu. Chini ya mto wa kijani alikuta maziwa yaliyoganda ya mtoto mwingine, na tundu mbili tupu pale mikanda ilipokuwa imepita.

Alikwenda Keko kwa fundi seremala, na safari hii alimchukua mtoto. Fundi alimpima kama fundi cherehani: kutoka makalio hadi nyuma ya goti, na kutoka goti hadi kisigino. Kipimo cha kwanza ndicho kina cha kiti, kikipunguzwa upana wa vidole viwili ili ukingo usibane nyuma ya magoti. Cha pili ndicho kimo cha kikanyagio. Na kwa kuwa mtoto hakui kwa kumngoja fundi, ubao wa kukalia na wa kukanyagia viliwekewa mifereji ya kuvishusha. Ubunifu huo si mgeni duniani. Mnorwe Peter Opsvik aliutoa mwaka 1972 katika kiti kiitwacho Tripp Trapp, ambacho bado kinauzwa, na siri yake ni hiyohiyo: mbao mbili zinazohama, nyayo zisikose pa kukaa.

Kiti cha Keko kilitoka kifupi, miguu yake imetanuka kuliko ubao wa kukalia, kina nguzo ndogo katikati ya mapaja isiyoruhusu mtoto kuteleza mbele. Mikanda ilishonwa kwa utepe imara wa begi, ikapita kiunoni, mabegani na katikati ya mapaja, ikafungwa kwenye mbao, si kwenye mto. Mbao zilipigwa msasa zikaachwa bila rangi, kwa sababu mtoto ataziguguna, na zipo rangi zenye madini ya risasi. Hakikuwa na vinyago. Siku ya kwanza mtoto alikula boga lote.

Funzo la kisa hiki ni jepesi kutaja na jepesi kusahau dukani: kiti cha mtoto hukaguliwa kuanzia chini. Anza na miguu yake, imetanuka au imekaribiana, itikise. Panda kwenye kikanyagio, kipo au hakipo, kinahama au la. Nenda kwenye mikanda, uivute kwa nguvu, ufunge na ufungue kifungio chake. Hakikisha mgongo unasimama wima. Kisha mkalishe mtoto mwenyewe, umtazame kwa dakika chache, kwa maana atakachoonyesha mwili wake muuzaji hawezi kukieleza. Rangi na mto vije mwisho, na mto usiofulika usije kabisa.

Asiye na uwezo wa kununua asihangaike wala asione haya. Paja la mama au bibi, mtoto akiwa amekaa wima, mgongo umeegemea tumbo la anayempakata na nyayo zimekanyaga paja la pili, linatosheleza masharti yote. Mkeka kando ya ukuta nao unafaa kwa mtoto anayekaa vizuri, na hauna mahali pa kuangukia. Mwenye kiti naye ajue kwamba kiti si mlezi. Kikae mbali na meza, ukuta, jiko na kitambaa cha meza anachoweza kukivuta, mkanda ufungwe kila mlo hata wa dakika tano, na mkubwa asigeuke. Karanga, bisi, zabibu nzima na vipande vigumu vya karoti mbichi havifai katika umri huo hata kwenye kiti cha mfalme, na asali ingoje mwaka utimie.

Kiti cheupe kilibaki uani siku kadhaa. Mteja akajitokeza, mtu wa mtaa wa pili mwenye mjukuu wa miezi mitano, akatoa shilingi 70,000 bila kuuliza swali. Mama alimtazama mumewe. Baba alichukua msumeno, akakikata miguu mbele ya yule mzee, kisha akamweleza kwa nini na kumwelekeza Keko. Hasara ile waliimeza wao. Ajuaye kuwa kitu kina hatari kisha akakiuza kimya kimya, mtoto wa mwenzake akianguka, deni ni lake.