Amri, Kanuni na Shauri

Soma kwa ajili ya somo hili: Mambo ya Walawi 12:1–8, Zaburi 119:1–16, Marko 7:1–13, Luka 2:1, 22–24, Matendo 16:4, 1 Wakorintho 7:10–25.

Fungu la kukariri: Zaburi 119:18.

Tuseme ni Sabato ya Meza ya Bwana. Mama kijana anafika mlangoni pa kanisa akiwa amempakata mtoto wa majuma matano. Mzee wa kanisa anamlaki na kumwambia kwa upole, “Mama, rudi nyumbani upumzike. Sheria hairuhusu mpaka arobaini itimie.” Mama hana la kusema. Anageuka na kurudi. Meza ya Bwana nyingine ni robo ijayo.

Mzee hana nia mbaya. Lakini ni sheria ipi? Mama hakuuliza, na huenda mzee mwenyewe angeshindwa kujibu, maana katika neno hilo moja amefunga mambo matatu: desturi ya arobaini iliyo majumbani mwetu, sheria ya utakaso iliyo katika Torati, na mazoea ya kanisa lile ambayo hakuna akumbukaye yaliamuliwa lini.

Soma Mambo ya Walawi 12:1–8. Aliyezaa mtoto wa kiume alihesabiwa siku 7, kisha 33, jumla 40. Aliyezaa wa kike alihesabiwa 14, kisha 66, jumla 80. Sasa tuseme mtoto aliyepakatwa pale mlangoni ni wa kike. Kama mzee anashika sheria hiyo, amekosea hesabu kwa siku 40, wala hakumwuliza mama habari za sadaka ya ndege. Mariamu aliitimiza sheria hiyo (Luka 2:22–24) wakati hekalu lilikuwapo na kuhani alikuwapo. Sheria za madhabahu zilimwelekea Kristo, naye amekwisha kuja. Kilichomrudisha mama nyumbani, basi, ni desturi iliyovikwa joho la Torati.

Desturi yenyewe ina wema wake. Aliyetoka kujifungua anahitaji uji, maji ya moto, usingizi, na mtu wa kumwondolea kazi za nyumbani. Mzee angesema, “Tunakushauri upumzike, lakini ukiona una nguvu, karibu mezani,” angekuwa amesema kweli, na mama angechagua.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika jambo hili. Watu husema sheria za nchi, kanuni za shule, taratibu za ofisi, masharti ya mkopo, miiko ya ukoo, mausia ya marehemu. Mpira wa miguu una sheria 17, na hakuna mchezaji aliyepelekwa mahakamani kwa kuotea. Mitaani kila mtu hujua uzito wa kila neno. Ni ajabu kwamba mlangoni pa kanisa yote hugeuka kuwa “sheria”.

Soma Zaburi 119:1–8. Zaburi hii ina mafungu 176, katika sehemu 22 zenye mafungu manane kila moja, kwa kufuata herufi za Kiebrania. Mwandishi hakuridhika na neno moja. Katika sehemu ya kwanza tu, Biblia ya Kiswahili ya Muungano inatupa sheria, shuhuda, mausia, amri, maagizo na hukumu. Ni kweli kwamba mtunzi wa zaburi hayatengi maneno haya kama wakili. Mara nyingi yanasimama bega kwa bega yakieleza mapenzi yale yale ya Mungu. Hata hivyo kila moja lina ladha yake. Lililotafsiriwa “sheria” katika fungu la 1 ni Torati, yaani mafundisho, kama mzazi anavyomwonyesha mtoto njia. “Amri” za fungu la 5 zinatokana na neno la kuchonga, kama maandishi juu ya jiwe.

Neno linalostahili kukaliwa zaidi ni “mausia” (fungu la 4). Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Mausia hutoka kinywani mwa mtu anayekupenda. Mzee anayekaribia kufa huwaita watoto, akawausia kuhusu shamba, kuhusu mama yao, kuhusu kupendana. Mtoto hayashiki kwa kuogopa askari. Linganisha na masharti ya mganga: usivuke mto, usile kuku mweupe, usimwambie mtu, ukikosea moja, dawa haifanyi kazi. Hayana maelezo wala upendo. Yapo makanisa ambamo washiriki wengi wanaitunza Sabato kama sharti la mganga, na watoto wao wanaona hivyo.

Neno “amri” nalo limebebeshwa mzigo mkubwa katika Biblia yetu. Kaisari Augusto anatoa amri watu waandikwe (Luka 2:1). Mitume na wazee wanatoa amri zinazopelekwa makanisani (Matendo 16:4). Katika Kiyunani mafungu hayo mawili yana neno moja, la tangazo au uamuzi uliopitishwa. Amri mpya ya Yesu katika Yohana 13:34 ni neno jingine. Na zile “amri kumi” za Kutoka 34:28, Kiebrania kinaziita maneno kumi. Kwa hiyo mwanafunzi akikutana na “amri” inambidi aulize nani ametoa, kwa nani, na kwa muda gani. Amri ya Kaisari haimwamuru mtu yeyote leo. Ile iliyochongwa na kidole cha Mungu haijakoma.

“Kanuni” imetufikia kupitia Kiarabu kutoka Kiyunani, ambako ilikuwa fimbo nyofu ya kupimia. Fundi hajengi nyumba kwa fimbo hiyo, lakini asipokuwa nayo ukuta utakwenda upande. Waadventista wa kwanza waliiogopa. Mwaka 1883 kikao cha Konferensi Kuu kilikataa pendekezo la kuwa na kitabu cha mwongozo wa kanisa, wakichelea kwamba kingewafunga wachungaji na kuwageuza watu kuwa wa taratibu tu. Mwongozo wa Kanisa ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1932. Siku hizi hurekebishwa kwa kura katika vikao vya Konferensi Kuu, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano. Mshiriki mwaminifu anauheshimu, maana kanisa lisilo na utaratibu huumiza wanyonge kwanza. Lakini hakuna kikao kinachoipigia kura amri ya nne.

Soma 1 Wakorintho 7:10–25. Paulo anajibu maswali ya ndoa. Katika fungu la 10 anaonyesha kwamba neno hilo ni la Bwana. Katika fungu la 12 anasema wazi kwamba sasa ni yeye anayenena. Akifika fungu la 25 anakiri kwamba hana amri, ana shauri tu. Huyu ni mtume, ambaye angeweza kusema “Bwana ameagiza” na wote wangetii. Shauri lake ni la kuaminika, naye analitoa bila haya. Hakulivika tu cheo ambacho si chake.

Soma Marko 7:1–13. Kosa hili lina pande mbili. Waliopandisha mapokeo ya wazee hadi kiti cha amri waliishia kuishusha amri ya kumheshimu baba na mama, mtu akisema Korbani na mzazi akabaki na njaa.

Maswali ya kujadili:

Orodhesheni darasani mambo matano ambayo kanisa lenu huyaita “sheria”. Kila moja mlipe jina lake: amri ya Mungu, kanuni ya kanisa, desturi ya mahali, au shauri la wazee. Ni lipi mliloshindwa kukubaliana, na ni nani amewahi kurudishwa mlangoni kwa sababu yake?

Nani katika darasa lenu atakwenda kumtembelea juma hili?