Sikio la Bosi

Ndugu msomaji, nikikwambia "mkurugenzi ametoka, katibu muhtasi yupo," umeona nini kichwani? Kiswahili hakijakwambia nani mwanamume, nani mwanamke. Lakini tai umeiona, na sketi umeiona. Umezitoa wapi?

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja Dar es Salaam, sitaitaja. Mkutanoni tulikuwa sita, dada mmoja tu, mhasibu mwenye stashahada yake. Chai ikiletwa, macho yote kwake, amimine. Siku moja bosi alikuwa anahangaika: gharama za mafuta zinapanda kila mwezi na safari za gari ni zile zile. Dada yule, birika mkononi, akasema tulinganishe daftari la safari na risiti za sheli. Bosi akauliza, "Sukari iko wapi?" Dakika kumi baadaye nikayasema mimi, yale yale. Bosi akapiga meza: "Huyu kijana ni kichwa!"

Nami nikatabasamu. Swali langu liko hapo, kwenye lile tabasamu. Je, niliiba? Sikumnyang'anya mtu kitu, wala sikuomba kusifiwa. Jamaa yangu mmoja anasema kosa ni la sikio la bosi, mimi nisijisumbue. Mbona basi mtu akizidishiwa chenji dukani, akaitia mfukoni kimya kimya, tunajua la kumwita? Na chenji angalau inarudishika jioni. Sifa utairudishaje? Mwaka ulipokwisha, aliyepandishwa cheo ni mimi.

Sheria ipo, jamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, na hata wa ujauzito. Lakini kifungu gani kitalishtaki sikio? Tena sheria hiyo hiyo ilimwandikia mama likizo ya uzazi isiyopungua siku 84, baba siku 3. Mama ndiye aliyejifungua, apumzike, hilo halina ubishi. Ila bosi akipiga hesabu hiyo anaona mtoto ni hasara ya kumwajiri mwanamke. Kwenye usaili mimi sikuulizwa nitazaa lini. Dada yule aliulizwa.

Nilikutana naye miaka kadhaa baadaye, kituoni Kariakoo. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yakanikwama. Akaniwahi yeye:

"Hivi yale mafuta, mlimkamata mtu?"

"Tulimkamata, dada."

"Si niliwaambia," akasema, akadandia daladala yake.