RIDHAA YA MWENYE DHIKI

Twapenda kuwawekea ndugu zetu mas'ala moja ambayo barazani hujibiwa upesi mno. Mtu ameiweka nyumba yake rahani, au shamba lake, akapewa fedha, muda ukafika naye hana cha kulipa, mali ikaenda. Akilalama huambiwa: Nani alikulazimisha? Uliridhia mwenyewe, ukatia sahihi kwa mkono wako. Na neno hili likishasemwa watu hunyamaza, kana kwamba ridhaa hukiosha kila kitu. Je, ni kweli kuwa mtu aliyeridhia hawezi kudhulumiwa?

Tutazame Lisekese, hapo Masasi, chini ya uwanda wa Makonde, ambako maisha ya watu wengi ni korosho. Korosho huuzwa tangu Oktoba hata mwisho wa mwaka. Baada ya hapo fedha hupungua mwezi kwa mwezi. Masika huwa ndiyo miezi ya njaa, na ndio wakati shamba lataka palizi. Kisha mikorosho yataka salfa kwa ajili ya ubwiriunga, na mtoto ataka ada, na mgonjwa ataka dawa. Hapo ndipo huja mtu mwenye fedha, naye mara nyingi si mgeni, ni jirani wa msikiti mmoja. Husema: Chukua hizi, msimu ukifika utanipa korosho, na bei anayoihesabu iko chini kabisa ya ile itakayopatikana mnadani, na kipimo chake ni bakuli lake. Watu wa kusini waiita biashara hii kangomba. Au husema: Nipe mikorosho yako misimu miwili, nitaokota mimi, na siku utakaponirudishia fedha zangu zote utaichukua. Hii ndiyo rahani ya mikorosho.

Serikali imepigana na jambo hili. Tangu mwaka 2007 korosho za kusini zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, kwa njia ya vyama vya ushirika na mnada wa hadhara. Na mwaka 2018, serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo moja na kuwatia askari wa jeshi katika kazi ya kuzibeba, wenye mizigo mikubwa walitakiwa waonyeshe mashamba yao, ili wajulikane waliozipata kwa kangomba. Hayo yalikuwa na maana yake. Lakini njaa ya Februari haikupigwa marufuku, na mtu mwenye njaa haendi mnadani, kwa kuwa mnada hauko Februari.

Sasa tuitazame sharia. Kuuza mazao kabla ya msimu si haramu kwa asili yake. Iko biashara ya salamu, ambayo Mtume aliwakuta watu wa Madina wakiifanya katika tende, akawawekea mipaka: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane, na wanachuoni wakaongeza kuwa thamani ilipwe yote hapo hapo, na bidhaa isifungwe na shamba moja mahsusi, maana shamba laweza kupatwa na afa. Bakuli la kangomba halina hata moja katika mipaka hiyo, na aliyekopa fedha taslimu akalipishwa korosho kwa bei aliyoipanga mwia peke yake, huyo hakuuza salamu. Amekopa kwa riba, na riba imetiwa ndani ya gunia.

Ama rahani, imetajwa katika Sura ya Baqara, aya ya 283, kuwa ni kitu kishikwacho badala ya maandishi na mashahidi pale vinapokosekana. Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alinunua shayiri kwa mkopo kwa Yahudi wa Madina, akamwekea deraya yake rahani, akafariki dunia nayo ingali huko. Deraya ile ilikuwa ya kumtuliza moyo mwenye kudai. Haikuwa chombo cha kumchumia. Na hivi ndivyo madhehebu yetu ya Shafi yasemavyo: kitu cha rahani ni amana mkononi mwa mwia, milki ni ya mwenyewe, na matunda yake ni ya mwenyewe. Mwia akishurutisha katika mkopo kuwa atakula matunda, sharti hilo ni riba. Wako wanachuoni, nao ni Wahanbali, waliomruhusu mwenye kushika mnyama wa rahani ampande au anywe maziwa yake kwa kadiri ya malisho ampayo. Twaweza kumsikiliza mtu wa Lisekese akisema: Nami nimelipa palizi na salfa. Vema, na ahesabiwe palizi na salfa. Hiyo ni kadiri ya malisho. Misimu miwili ya korosho zote ni kadiri ya dhiki ya mwenye shamba.

Wala watu wa pwani wasicheke wakidhani haya ni mambo ya bara. Unguja na Pemba zimeyajua zamani kwa jina jingine, bei ya khiari. Mtu mwenye nyumba au shamba la mikarafuu ataka fedha, na riba yajulikana kuwa haramu. Basi humwuzia mwia nyumba ile, kwa khiari ya kuikomboa katika muda fulani kwa thamani ile ile. Kisha yeye huyo muuzaji haondoki. Hukaa katika nyumba yake mwenyewe kama mpangaji, akimlipa mwia kodi kila mwezi. Kodi ile ni nini? Haipandi wala haishuki kwa sababu ya hali ya nyumba. Hufuata kiasi cha fedha kilichotolewa. Mwenye macho aiona ni riba iliyovaa kanzu. Na muda ukipita, nyumba yenye thamani kubwa huenda kwa deni dogo.

Twajua kuwa wamo wanachuoni wakubwa walioipa nafasi bei ya namna hii: Mahanafi wa Bukhara na Balkh waliiita bei ya wafaa, na masharifu na mafakihi wa Hadhramaut, ambao ndio masheikh wa masheikh zetu wengi, waliijua kwa jina la uhda, na hoja yao ni haja ya watu. Hatuwavunjii heshima. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1992 liliikataa, likasema hakika yake ni mkopo uletao manufaa. Nasi twaona hiyo ndiyo kauli yenye nguvu. Haja iliyotajwa na wale wa kale ilikuwa haja ya mwenye nyumba, na katika visiwa vyetu aliyenenepa kwayo ni mwenye fedha. Hata mwaka 1934 serikali ya Unguja ilitoa amri za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie mikononi mwa wengine bila ya idhini, kwa jinsi madeni yalivyokuwa yamewazamisha. Watu hupenda kusema wakopeshaji wote walikuwa Wahindi. Wengi walikuwa Wahindi, ndiyo. Lakini wamo pia waliokuwa wakifunga Ramadhani pamoja na wadeni wao.

Leo nyumba haiwekwi kwa jirani tu, huwekwa benki. Tanzania ilikuwa na Benki ya Nyumba tangu mwaka 1973, ikafungwa 1995. Na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za mikopo ya nyumba, hata muda wa kulipa ukawa mrefu kuliko zamani. Kila aliyepita njia hii aijua taabu yake: leo ataakiwa hati, kesho barua ya mtaa, keshokutwa mthamini alipwe, kisha bima, kisha karani aliyeyapokea makaratasi amehamishwa, na mpya ayataka yote upya. Taabu hizo ni za kuudhi, lakini si dhulma kubwa. Kubwa imo ndani ya hesabu, nayo haipigi kelele.

Tupige mfano. Mtu amekopa shilingi 20,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, alipe kila mwezi kwa miaka 15. Kila mwezi atatoa kiasi cha shilingi 322,000. Mwezi wa kwanza, katika fedha hizo, 300,000 ni riba, na 22,000 tu ndizo zipunguzazo deni. Alipe hivi miaka 3 bila ya kukosa hata mwezi mmoja. Atakuwa ametoa zaidi ya milioni 11 na nusu, na deni lake limepungua kwa milioni 1 na kitu kidogo. Bado adaiwa karibu milioni 19. Sasa biashara imeharibika, aenda kuomba nafuu, na benki yamwambia: Twaweza kukufungulia mkopo mpya wa kulipa ule wa zamani, miaka 15 tena, na gharama za karatasi zitaongezwa juu. Mwezi wake utapungua kidogo, naye atatoka akishukuru. Ile miaka 3 imekwenda wapi?

Wafasiri wametueleza riba ya Waarabu wa Jahiliya ilivyokuwa: muda ukifika mwia humjia mwiwa na kumhiyarisha, alipe sasa, au aongezewe muda na deni liongezwe. Hii ndiyo iliyokatazwa katika Sura ya Al Imran, aya ya 130. Tofauti ya siku hizi ni kwamba mwiwa hupewa kiti na kalamu.

Twahukumu kwa uadilifu, na uadilifu wataka tuseme yaliyo mema pia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka nyumba ya ndoa isiwekwe rahani bila ya ridhaa ya mwenzi. Yamtaka mwia auzapo atafute bei nzuri, na nyumba ikiuzwa kwa robo nzima au zaidi chini ya bei ya kawaida, yeye ndiye hudhaniwa kuwa amevunja wajibu wake. Na kinachozidi deni hurudi kwa mwenyewe. Katika mambo haya benki iliyoshikwa na sheria iko karibu na hukumu ya rahani kuliko Haji wa mtaani anayeichukua nyumba yote kwa deni la theluthi yake. Na wako wadeni wabaya: mtu amekopa kwa harusi ya siku tatu, ana mali naye hajali kulipa, huyo Mtume amemwita dhalimu.

Turudi kwenye ridhaa. Wenye kuitetea huishika Sura ya Nisaa, aya ya 29, iliyotaja biashara ya kuridhiana. Lakini aya hiyo huanza kwa kukataza kula mali kwa batili. Basi ridhaa ni sharti la biashara iliyo halali, haigeuzi batili kuwa haki. Wacheza kamari wawili wote wameridhia, na kamari ni kamari. Tena imepokewa na Abu Daud katazo la kununua kwa mtu aliyeshikwa na dharura. Isnadi yake ina udhaifu, lakini maana yake kila mwenye moyo aielewa. Mwenye kufa maji huridhia kamba ya bei yoyote. Ridhaa yake yatueleza jinsi maji yalivyokuwa na kina. Haitwelezi kuwa bei ilikuwa ya haki.

Huulizwa: Na mabenki ya Kiislamu? Amana ilianza kazi mwaka 2011, na mengine yamefungua madirisha ya namna hiyo. Benki ikiinunua nyumba kweli, ikaimiliki na kubeba hasara yake, kisha ikamwuzia mtu kwa bei moja iliyotajwa, bei isiyokua akichelewa, hiyo ni biashara. Ikiwa nyumba haikupita mikononi mwake hata kidogo, muulizeni karani awaeleze ameuza nini.

Na liko jambo moja katika aya ya deni, Baqara 282, ambalo twalisoma kila mwaka na kulipita. Mwenyezi Mungu ameamuru deni liandikwe, na aliyeamriwa kumsomea mwandishi maneno ya kuandika ni mwenye kudaiwa. Na akiwa dhaifu au hawezi, basi walii wake kwa uadilifu. Leo mwia ndiye aletaye karatasi imekwisha kuandikwa, mara nyingi kwa Kiingereza, na mwiwa huonyeshwa tu mahali pa kutia sahihi. Mtu wa Lisekese anayekwenda kuweka nyumba au mikorosho yake na aende na mtoto wake ajuaye hesabu, na aseme kwa lugha yake, mbele ya mashahidi, amekopa nini, atalipa nini, na baada ya miaka 3 atabaki akidaiwa nini. Kisha yaandikwe maneno yake hayo. Mwia akikataa kuyaandika, mkopo ule usitiwe sahihi siku hiyo.