Je, Ajali Haina Kinga?

Wazee walisema: Ajali haina kinga. Neno hili twalisikia kiwanjani siku ya Dominika, kijana amelala chini, mguu umevunjika. Mwingine huongeza: Ni mapenzi ya Mungu. Wa tatu hunong'ona: Amelogwa. Leo tuyapime maneno haya matatu. Maana kama ajali haina kinga kamwe, hakuna mwenye kosa. Lakini kama inayo, yuko mtu atakayeulizwa na Mungu.

Tuanze na radi, ambayo sisi wa Masisi na Walikale twaijua sana. Mwaka 2016 wataalamu, wakitumia vyombo vinavyozunguka dunia juu angani, walieleza kwamba Sake, kwetu Masisi, ni moja ya mahali 10 duniani penye umeme wa radi mwingi kupita pengine pote: yapata mara 143 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Na mwezi wa Oktoba 1998 habari zilienea kwamba huko Bena Tshadi, katika Kasai, radi iliua wachezaji 11 wa ekipe moja katikati ya mchezo, na ekipe ya pili ikabaki salama. Mara watu wakataja uchawi. Lakini swali lifaalo ni jingine: wingu likinguruma, ni nani mwenye uwezo wa kusimamisha mchezo? Sheria ya 5 ya mpira yajibu wazi: ni mwamuzi.

Tena tukumbuke Butembo, tarehe 14 Septemba 2008, zilipocheza Nyuki System na Socozaki. Kipa alishutumiwa kuwa ametumia uchawi. Ghasia ikazuka, polisi wakatupa moshi wa machozi, watu wakakimbia wakakanyagana. Walikufa watu wapatao 13. Hao hawakuuawa na dawa ya kipa. Waliuawa na hofu na hasira. Basi mwaona: neno la uchawi halikuzuia ajali, bali liliizaa.

Na mapenzi ya Mungu je? Walipomletea Yezu habari za watu waliouawa, yeye mwenyewe aliwakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Na shetani alipomshawishi ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, alikataa kumjaribu Mungu. Zamani zaidi, Torati ya Musa iliamuru kwamba anayejenga nyumba azungushe ukuta mdogo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tazameni: Mungu hakusema kwamba anguko halina kinga. Alimwamuru mwenye nyumba ajenge kinga.

Pengine kijana atasema: Mchezo usio na hatari si mchezo, na anayetoka kiwanjani ni mwoga. Namjibu: ziko hatari mbili. Moja ni ya mchezo wenyewe: kugongana, kuteleza, kuanguka, hiyo mchezaji huikubali kwa hiari. Ya pili ni ya uzembe wa watu: jiwe ambalo hakuna aliyeliondoa, au kapiteni anayemrudisha mwenzake aliyezimia kwa sababu bado dakika 10 na ushindi umekaribia. Hiyo ya pili hakuna aliyeikubali. Hiyo yahusu amri ya tano.

Basi, enyi viongozi wa ekipe, yawapasa haya. Kabla ya mchezo, zungukeni kiwanja mkaokote mawe na vipande vya chupa, mkafukie mashimo. Mkisikia ngurumo, simamisheni mchezo, ingieni katika nyumba imara, wala si chini ya mti. Ngojeni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini: msiogope kumgusa, bali msaidieni upesi. Aliyepigwa kichwa akazimia asicheze tena siku ile, hata akilia kwa kutaka kurudi. Na machela iwe tayari kabla ya mchezo, maana katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale hospitali mara nyingi iko mbali.

Ndugu, tangu vita vya mwaka 1993 nchi yetu imezika vijana wengi, hata twaweza kuzoea kifo na kukiita desturi. Tusikizoee. Kombe lililopotea leo laweza kushindaniwa tena mwaka ujao. Mtoto wa mama hana mwaka ujao akizikwa. Kaini alijifanya hajui kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Sisi Wakristu jibu twalijua. Basi tulitende hata kiwanjani.