Kabla Hujaikata Santuri ya Wazee

Wanangu wa Jericho, nyinyi mnaokesha mkitengeneza midundo, nawasalimu. Jioni nikipita kati ya nyumba za kanjo kuelekea Camp Toyoyo, naisikia kazi yenu ikitoka kwenye vyumba mlivyobandika treya za mayai ukutani. Nasikia besi ya funk na soul ya miaka ya 70 ikitembea chini ya ngoma za leo, na moyo wangu unafurahi. Wimbo usiorudiwa hufa, nanyi mnazifufua nyingi. Lakini mzee akiona jambo akanyamaza amewakosea vijana wake, kwa hivyo nisikilizeni.

Funk na soul hazikuwa za Marekani pekee. Matata, bendi ya hapa Nairobi, ilirekodi London mwanzoni mwa miaka ya 70. Slim Ali na Hodi Boys waliimba soul ya kuinua watu vitini. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilikusanya nyimbo za Kenya za miaka ya 70 na 80, ikazitoa kwa jina Kenya Special. Ikiwa watu wa ng'ambo wanazitafuta hivyo, nyinyi wenye mali msizichukue kama vitu vya kuokota.

Kwanza, sikilizeni wimbo mzima. Kwenye kompyuta mnakata baa mbili, mnapunguza kasi, mnaongeza besi, mnaona kazi imekwisha. Mpiga besi yule alikuwa akijibizana na tarumbeta na ngoma. Ukijua alikuwa anamjibu nani, utajua pa kukata na pa kuacha.

Pili, ishikeni santuri yenyewe. Nendeni Kenyatta Market, ambako santuri kuukuu bado zinauzwa, msome ile karatasi ya katikati. Chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo ndani ya mabano, mara nyingi utakuta jina la mtunzi. Anzeni kumtafuta huyo, au warithi wake. Mpiga ngoma na mpiga besi aghalabu hawaandikwi kabisa. Hao waulizieni kwa wazee mapema, kabla kumbukumbu hazijazikwa nao.

Tatu, ijueni sheria. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Nchini Kenya utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Basi msidanganyike: rekodi ya 1972 huenda muda wake umekwisha hapa kwetu, na utunzi wake ukawa bado una mwenyewe. Nchi nyingine nazo zina sheria zao, na wimbo ukiupandisha kwenye intaneti umeshavuka mpaka. Ulizeni KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kabla ya kuuachilia wimbo.

Msidhani natia chumvi. Gregory Coleman wa kundi la The Winstons, Marekani, alipiga ngoma peke yake kwa sekunde kama sita katika wimbo Amen, Brother wa 1969. Sekunde hizo zimekatwa na kutiwa katika maelfu ya nyimbo duniani. Coleman alikufa mwaka 2006 akiwa fukara, bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo. Manu Dibango wa Kamerun alilazimika kuudai wimbo wake wa 1972, Soul Makossa, kwa Michael Jackson, na baadaye akaenda mahakamani tena kwa sababu ya wimbo wa Rihanna. Dibango alikuwa na jina kubwa na mawakili. Mpiga besi mzee wa Eastlands ana nani, kama si nyinyi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wazee hawa walicheza kwao, na wa kuwatunza ni nyinyi. Mkishampata mwenye wimbo, andikianeni karatasi, hata iwe moja: majina, asilimia, sahihi za pande zote. Jina lake liwekeni kwenye maelezo ya wimbo, mahali kila msikilizaji ataliona. Na pesa zikiingia, mpeni fungu lake akiwa hai. Msingoje kumchangia kwenye matanga.